Gonga Kwanza

Kila maelezo ya kupika kome kwa mtindo wa Kiitaliano yana sentensi moja ambayo waandishi wa mapishi huipitia mbiombio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Sentensi yenyewe ni hii: kabla ya kuwasha moto, chukua kila kome aliyeachama, mgonge kidogo kwenye ukingo wa sinki, kisha ngoja. Akijifunga, yuko hai, mpike. Asipojifunga, amekufa, mtupe.

Hebu isome tena, polepole. Kuku tunamchinja kwanza ndipo tunampika. Mbuzi ana kisu chake, ana mtu wa kumshika miguu, na kwa wengi wetu ana dua yake. Samaki hufa kwenye mtumbwi au kwenye barafu, mbali na jikoni. Kwa kome, sufuria ndiyo kisu. Na kabla hajaingia, mpishi anamwuliza swali moja tu: wewe uko hai? Akijibu ndiyo, jibu lake ndilo linalompeleka motoni.

Sababu ni ya kiafya na ni nzuri. Kome akifa huanza kuharibika haraka sana, na mwenye kumla anaweza kukesha chooni au hospitalini. Hakuna ukatili uliokusudiwa. Lakini sababu nzuri haifuti swali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kuelewana na mfuko wa Mama, na somo moja tu ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu: somo la maadili, Jumanne saa nane mchana, darasa likisinzia. Huko nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya jambo na bado akadaiwa maelezo. Sasa mimi naandika makala za watu kwa malipo ya kipande kwa kipande, na hili la kome halijanilipa hata shilingi. Limenishika tu, na limekataa kuniachilia.

Kwa msomaji wa Nairobi ambaye hajawahi kukutana naye: kome ni mnyama wa baharini mwenye makombe mawili, meusi yenye kung'aa kibuluu, marefu kiasi cha kidole. Ni jamaa wa chaza. Waitaliano wanamwita cozza, wakiwa wengi ni cozze. Hujishikiza kwenye mwamba au kwenye kamba kwa nyuzi anazozitengeneza mwenyewe, akafungua makombe yake kidogo, akawa anachuja maji. Hiyo ndiyo kazi yake ya kutwa. Hawindi, hakimbii, hapigi kelele.

Ninamjua kwa sababu ya dadangu. Yuko Napoli, anamtunza bibi mmoja mzee, kazi ambayo huko wana jina lake kabisa, badante, maana wanawake wengi wa kigeni wanaifanya. Anamwosha, anampa dawa, anampikia. Bibi huyo, ambaye dada anamwita Signora, ana siku zake za kutamani kome, na dada amejifunza kuwapika mpaka hata majirani wanauliza. Siku moja ya Ijumaa alinipigia simu ya video akiwa jikoni, akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akasema, "Wee, kuja uone vile watu wa huku wanakula mawe."

Chakula chenyewe kinaitwa impepata di cozze, na jina linatokana na pilipili manga, pepe kwa Kiitaliano. Ni cha kimaskini katika asili yake, na ujanja wake wote uko kwenye kutofanya mengi. Kome wanaoshwa kwa maji baridi yanayotiririka. Hawalowekwi, kwa sababu maji ya bomba hayana chumvi na yanaweza kuwaua. Makombe yanasuguliwa. Zile nyuzi zinazochungulia pembeni, Waitaliano wanaziita ndevu, zinavutwa kuelekea upande wa bawaba na kung'olewa. Waliopasuka wanatupwa. Walioachama wanagongwa. Halafu sufuria pana, tone la mafuta ya zeituni, punje ya kitunguu saumu kwa wanaopenda, kome wote ndani, mfuniko juu, moto mkali. Maji hayaongezwi. Chumvi haiongezwi. Kila kome amebeba bahari yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayokuwa mchuzi.

Baada ya dakika nne au tano wamefunguka wote. Pilipili manga ya kusagwa hapo hapo, nyingi kuliko unavyodhani, majani ya giligilani ya Kizungu, ndimu. Mchuzi unachujwa ili mchanga ubaki, unamwagwa tena juu, mkate unachovywa. Dada aliinua kipande cha mkate mbele ya kamera, ukidondosha, na mimi huku Roysambu nikiwa na chapati ya jana nikasema, bana, dunia haina usawa.

Lakini kabla ya hapo alikuwa amefanya lile jambo. Aliinua kome mmoja aliyeachama, akamsogeza karibu na simu hadi nikaona nyama ya rangi ya machungwa ndani. Akamgonga kwa kijiko. Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea. Kisha makombe yakaanza kusogeana, taratibu, kama mlango wa duka unaovutwa na mzee asiye na haraka, yakafunga. "Hii iko poa," dada akasema, akaitupa kwenye sufuria.

Nilichosikia kwanza ni sarufi. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi alikuwa mkali kuhusu jambo moja: kiumbe chenye uhai kinakwenda na a- na wa-. Ukisema "kuku imekufa" unapigwa kiboko. Na hakuishia hapo. Kwake, hata mezani, samaki wameiva, hawakuiva kama viazi vilivyoiva. Kuku ameungua, haikuungua. Darasani tulicheka, kwa sababu sisi wa bara tunasema "kuku imeiva" na tunaendelea kula. Lakini siku hizi naona yule mwalimu alikuwa ameshika kitu kikubwa kuliko alama za mtihani. Kiswahili sanifu kinakataa kumgeuza mnyama kuwa kitu kwa sababu tu ameingia kwenye sahani. Kinakuacha ule, lakini hakikuruhusu usahau ulikula nani. Kiswahili chetu cha mtaani kimetupunguzia huo mzigo. Tunaagiza "kuku mbili", "samaki moja", na kiumbe kinakuwa kitu kabla mafuta hayajapata moto.

Kwa hiyo: kome amejifunga, au kome imejifunga? Hili silo swali la kujionyesha. Ndilo swali lenyewe. Je, kuna yeyote mle ndani?

Wanaojua miili ya wanyama wanatupa majibu ya sehemu. Kome hana ubongo. Ana jozi tatu za mafundo ya neva, yaliyotawanyika mwilini na kuunganishwa kwa nyuzi. Hana kichwa cha kuzungumzia. Mafundo hayo yanatosha kumwambia afunge akiguswa, afunge kivuli kikipita, afungue mambo yakitulia. Na kufunga peke yake si ushahidi wa kuumia. Ukiwa mtoto umewahi kucheza na kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiugusa. Hakuna aliyewahi kuuombea msamaha. Hata wewe mwenyewe, ukigusa sufuria ya moto, mkono unarudi kabla hujahisi chochote. Uti wa mgongo umeshaamua, uchungu unakuja nyuma kama mgeni aliyechelewa. Kwa kome, yawezekana mkono unarudi na mgeni haji kamwe.

Yawezekana. Kwa upande wa pili, watafiti wamekuta ndani ya miili ya kome kemikali za jamii ya mofini, zile ambazo kwetu zinahusika na kutuliza maumivu. Wengine wanajibu kwamba kemikali moja inaweza kufanya kazi tofauti katika miili tofauti, kama vile kisu kimoja kinakata mkate na kinakata kamba. Pia kuna hoja ya wanaosema uchungu ni kengele ya kumfanya mnyama akimbie, sasa kengele ya nini kwa mnyama aliyejifunga mwambani? Ila kome si jiwe kamili. Ana mguu, mdogo lakini upo, na anaweza kuachilia nyuzi zake akahama polepole akatafuta pengine. Kwa hiyo hoja ya kengele imepasuka kidogo, ingawa haijavunjika.

Wanafalsafa nao wametembea kwenye mpaka huu huu. Jeremy Bentham, Mwingereza, katika kitabu kilichotoka 1789, alisema swali kuhusu wanyama si kama wanafikiri wala kama wanazungumza, bali kama wanaweza kuteseka. Karibu miaka mia mbili baadaye, 1975, Peter Singer wa Australia akaandika Animal Liberation, na ilibidi aseme mstari unapita wapi. Akauweka mahali fulani kati ya kamba na chaza: kamba akawa ndani ya ulinzi, chaza nje. Toleo la 1990 lilipotoka alikuwa amebadili mawazo: kama huna hakika, kwa nini ubahatishe, waache na chaza pia. Mimi napenda kwamba mtu aliyefikiria jambo hili kuliko karibu kila mtu alisogeza mstari wake hadharani. Inanionyesha mstari wenyewe umechorwa kwenye mchanga, na maji yanakuja na kurudi.

Sheria nazo zimefika hadi karibu na kome na kusimama. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya rufani ya Italia, Cassazione, iliamua kwamba mkahawa hauwezi kuweka kamba wakubwa wakiwa hai juu ya barafu wakingoja kupikwa; ni mateso, na mwenye mkahawa akatozwa faini. Mwaka 2018 Uswisi ikapiga marufuku kuwatumbukiza kamba hao kwenye maji yanayochemka bila kwanza kuwazimisha. Uingereza, baada ya ripoti ya 2021 iliyopitia tafiti zaidi ya 300, iliwaingiza kaa, kamba na pweza kwenye sheria yake ya 2022 ya viumbe wanaohisi. Kome hayumo. Kwa hiyo katika Italia ile ile, jikoni lile lile, kamba ana mahakama na kome ana kijiko cha kumgonga. Sisemi ni makosa. Nasema mtu aliamua, na uamuzi ulifuata ushahidi uliokuwepo, na ushahidi ni kitu kinachoongezeka.

Nyumbani kwetu Kisii swali hili halikuwahi kuwa gumu. Sisi ni Waadventista Wasabato, na Mama anaijua Walawi 11 kuliko namba yake ya simu. Kilicho majini kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Basi. Kome hana mapezi, hana magamba, kesi imefungwa kabla haijafunguliwa. Nikiwa kijana nilikuwa nadhani huo ni uvivu wa kufikiri. Sasa naona una hekima moja ambayo Bentham hana. Sheria ya Mama haingoji uthibitishe kwamba mnyama anaumia ndipo umwache. Inasema tu kwamba si kila kinachoweza kuliwa ni chako. Huhitaji kufungua kila mlango kwa sababu una ufunguo. Udhaifu wake ni kwamba haisemi chochote kuhusu wale walioruhusiwa. Mbuzi ana kwato zilizopasuka na anacheua, kwa hiyo yuko sawa, na jinsi alivyosafirishwa kwenye bodaboda, miguu imefungwa, kichwa kinaning'inia karibu na ekzosi, hilo halimo kwenye sura ya 11.

Pwani wana jibu lingine. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao vya baharini ni halali na havihitaji kuchinjwa. Wahanafi, Waislamu vilevile, wanasema hapana kwa vile visivyo samaki. Mungu mmoja, bahari moja, majibu mawili. Nalitaja hili kwa sababu vijana wenzangu tunapenda kudhani dini ilimaliza mjadala na sisi ndio tumeuanzisha upya. Mjadala haujawahi kulala.

Mama hupiga simu kila Jumamosi jioni sabato ikiisha. Aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, huyo dada yako anakula vitu gani huko?" Nikamwambia ukweli: anapika, hali. Na ndivyo ilivyo. Dada anaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, anatema kwenye sinki, anasukutua mdomo. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mikono yake Mungu anaielewa." Hilo nalo ni jibu la kifalsafa, ukilifikiria. Linatofautisha mtu anayefanya jambo na mtu anayefanyiwa jambo. Lakini pia linaniachia swali: kama kuna dhambi kwenye ile sufuria, iko kwa nani? Kwa dada aliyegonga, au kwa Signora aliyetamani?

Sasa tuje kwa kuku, maana bila kuku makala haya ni porojo za watu wenye muda. Wewe na mimi tunakula kuku wa kukaanga wa mjini. Robo na chipsi. Kuku huyo ni broila, amefugwa ndani wiki tano au sita, amekuzwa haraka hadi miguu inashindwa na kifua, hajawahi kuchakura udongo. Ana ubongo. Ana macho. Kwamba anaumia hakuna mwanasayansi anayebishana nalo kwa dhati. Kome wa shambani, kwa upande wake, hulelewa kwenye kamba baharini, mahali ambapo angekaa hata bila sisi. Halishwi chochote, hapewi dawa, hahitaji msitu ukatwe ili apandiwe mahindi. Ndiyo maana kuna watu waliokata nyama zote, maziwa na mayai, na bado wanakula kome na chaza kwa dhamiri safi. Kwa mizani ya mateso, sinia nzima ya kome ina uzito mdogo kuliko robo yako moja ya kuku.

Hata hivyo mimi niliyetazama kome akijifunga kwenye simu ndiye niliyeshtuka, na usiku huo huo nilinunua robo bila kushtuka. Huo ndio ukweli kuhusu huruma yetu: inafuata macho. Inamwendea anayejisogeza mbele yetu na kumruka aliyefungiwa nyuma ya ukuta wa mabati Kiambu. Huruma ni shahidi mzuri na hakimu mbaya. Inakuambia kwamba umeona kitu. Haikuambii kitu hicho kina uzito gani kulinganisha na vile usivyoviona.

Wapo wanaosema basi huruma ya namna hiyo ni upuuzi, tuifukuze tutumie mizani peke yake. Hapo sikubaliani. Mtu akizoea kutohisi chochote mbele ya kiumbe kinachojifunga mkononi mwake, sidhani atapata hisia hizo kwa wingi mahali pengine. Kinachotakiwa ni kuitembeza. Ishtuke kwa kome, sawa, halafu uishike mkono uipeleke Kiambu ikaone.

Kuna deni jingine tulilo nalo kwa kome, na hili halihusu uchungu kabisa. Kome mmoja mzima anaweza kuchuja zaidi ya lita 20 za maji kwa siku. Anachobakisha ndani yake ni chochote kilichokuwa kwenye maji hayo. Mwaka 1973, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka Napoli. Kome wakashtakiwa mara moja, kwa kuwa watu walikuwa wanawala wabichi au nusu-wabichi. Mashamba ya kome kwenye ghuba yakang'olewa. Watu wakapanga foleni kuchanjwa, wanamaji wa Marekani wakasaidia. Baadaye kidole kikaelekezwa kwa kome walioingizwa kutoka Tunisia. Signora alikuwa msichana wakati huo, na dada anasema mpaka leo hali kome mbichi hata umlipe. Anasimulia foleni ya chanjo kama sisi tunavyosimulia kafyu ya korona.

Ukienda kusini zaidi kuna Taranto, mji unaojulikana kwa kome wa Mar Piccolo, yaani Bahari Ndogo. Huko wanawapika na nyanya, na mji wote unajivunia. Pembeni mwa bahari hiyo kuna kiwanda cha chuma, mojawapo ya vikubwa kabisa Ulaya. Mwaka 2011 ilibidi wenye mamlaka wakataze kome wa sehemu moja ya Bahari Ndogo wasiuzwe, kwa sababu ya sumu za dioksini na jamaa zake. Wafugaji wa kome wakapoteza kazi kwa sababu ya moshi na taka ambazo si zao.

Ninachokiona katika hadithi hizi mbili ni kwamba kome hakutengeneza uchafu wowote. Alifanya kazi yake, akachuja alichopewa, na ushahidi wa tulichokifanya ukabaki ndani ya mwili wake. Kisha sisi tukasema kome ni hatari. Hata kama hana uwezo wa kuhisi chochote, hata kama mle ndani hamna yeyote, kuna jambo lisilo la haki katika kumlaumu shahidi. Na falsafa inayouliza tu "je, anaumia?" haiwezi kuliona jambo hilo. Mto Nairobi hauhisi uchungu. Je, hilo linamaanisha hatujaukosea?

Haya yote nilimwambia dada, kwa siku kadhaa, ujumbe kwa ujumbe, mpaka akachoka. Akanitumia sauti. Nikiifupisha alisema hivi: "Sikiza ndugu yangu. Mimi naamka saa kumi na moja kumgeuza Signora asipate vidonda. Mgongo wangu umekwisha. Mtoto wake akipiga simu anauliza, mama amekula? mama amelala? Na mimi? Hakuna mtu huku ananiuliza kama nimelala. Wewe uko na huruma ya kome, ni poa. Lakini ujue nani ameshika kijiko."

Nilikaa na hiyo sauti muda mrefu. Jibu rahisi ni kwamba huruma si mkate mmoja, ukimpa kome kipande hujamnyima dada. Ni kweli, na pia ni jibu la mtu ambaye hajaamka saa kumi na moja. Alichokuwa anasema ni kitu kingine. Ukichunguza, kazi yake ilianza kwa kugongwa. Kabla hajasafiri alipimwa damu, akapimwa kifua, akaulizwa kama ana ugonjwa wowote, na kila jibu zuri alilotoa lilikuwa tiketi. Uko hai? Una nguvu? Ingia. Hakuna aliyekuwa anauliza kwa ajili yake. Sio siri kwamba maelfu ya vijana wetu wanapitia mlango huo huo, wengi wao wakielekea Ghuba, na tumeuzoea mpaka tunauita bahati.

Kuna kuuliza kwa aina mbili, basi. Kuna kuuliza kama u hai ili nijue nikutumieje, na kuna kuuliza kama u hai ili nijue nikutendeeje. Maneno ni yale yale, kijiko ni kile kile. Nadhani sehemu kubwa ya maadili iko kwenye tofauti hiyo, na haihitaji kwanza tumalize ubishi kuhusu mafundo ya neva.

Msimamo wangu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuujua: nikipata kome, nitawapika na nitawala. Ushahidi uliopo unanielekeza kuamini kwamba uchungu wao, kama upo, ni mdogo sana, na kwamba kula yao kunaumiza dunia kidogo kuliko mengi ninayokula bila kufikiri. Mama hatafurahi, na hilo tutalizungumza mimi na yeye, ana kwa ana, si kwenye simu. Ushahidi ukibadilika nitaacha, kama Singer alivyosogeza mstari wake, bila aibu.

Lakini nitafanya kwa masharti. Sitawaweka kwenye plastiki iliyofungwa wakikosa hewa friji usiku kucha; nitawafunika kitambaa kibichi na kuwapika siku hiyo hiyo, moto ukiwa mkali ili yaishe haraka. Nitajua walitoka maji gani na nani anayachafua. Robo ya kuku nitaipunguza, maana haina maana kumhurumia asiye na ubongo na kumsahau mwenye ubongo. Nitasema kome amejifunga, si imejifunga, hata kama wasee watanicheka mezani. Wakifunguka, sitajidanganya kwamba wamekubali: kinachowafunga ni msuli, moto ukiumaliza nguvu bawaba inaachia yenyewe.

Na dada nimeanza kumpigia mimi, Jumatano usiku, saa Signora amelala. Swali la kwanza huwa ni kama yeye amelala, na la pili ni mgongo. Kome huwa tunafika baadaye, tukiwa na bando.